UZI: Desktopu iliyokataliwa na Windows 11 usiiuze kwa kilo, igeuze stoo ya mafaili ya nyumba nzima

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam.

Tangu Microsoft wasitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 naona ofisi nyingi zinatoa zile desktopu za i3 na i5 kizazi cha nne na cha sita, zile Dell OptiPlex na HP za rangi nyeusi, kisa tu Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine haina ugonjwa wowote. Inawaka vizuri, nyuma ina tundu la mtandao la gigabiti, ndani ina waya za diski zaidi ya moja, halafu inaenda kwa wanunua vyuma au inalazwa chini ya meza mwaka mzima.

Upande wa pili kila nyumba ninayoingia kilio ni kilekile. Simu imejaa. Fleshi imekufa na picha za marehemu mzee. Google wanadai GB 15 zimeisha, maana tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya nazo zinahesabiwa humo humo pamoja na Gmail na Drive. Na kuna ekstenali moja inazungushwa chumba kwa chumba, ya baba, ya watoto, ya shemeji aliyekuja kuchukua muvi, siku ikidondoka kila kitu kimeondoka.

Mimi kazi yangu ni picha na video za harusi kwahiyo hili jambo linanihusu kila wikiendi. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja tu ni GB 45. Kamera mbili, sherehe ya saa sita, piga hesabu mwenyewe. Huwezi kuishi kwa fleshi.

Sasa ninachotaka kusema kwenye huu uzi ni hiki na naomba mkishike kabla hatujaingia kwenye vifaa: mashine ikiwa kuukuu haina shida, diski ikiwa kuukuu ni shida. Kazi ya kutunza mafaili na kuyagawa kwa watu wanne watano ndani ya nyumba haimchoshi prosesa hata kidogo, i3 ya mwaka 2013 inaifanya imesinzia. Hela yako usiipeleke kwenye mashine. Ipeleke kwenye diski mpya na kwenye nakala ya pili ya hiyo diski. Watu wengi wanafanya kinyume, ananunua boksi zuri lenye RAM 16 halafu anapachika diski ya mtumba iliyotoka kwenye DVR ya kamera za ulinzi, hiyo siyo stoo, ni msiba unaosubiri tarehe.

Mashine ipi inafaa

Iwe ya biti 64, RAM kuanzia 4GB, basi. Badala ya Windows utaiwekea mfumo endeshi wa kutunza na kugawa mafaili. Ukitaka ule wa TrueNAS na mpangilio wake wa diski wa ZFS hapo wenyewe wanaomba 8GB kwenda juu, ila kwa nyumbani mimi nashauri OpenMediaVault (OMV), ni ya bure, imejengwa juu ya Debian, inatulia hata kwenye mashine ndogo. Boksi la mnara ndiyo zuri zaidi maana linaingiza diski kubwa mbili bila kubanana. Yale majembamba mengi yana nafasi ya diski moja ya inchi 3.5 na pale kwenye DVD unaweza kuchomeka ndogo ya inchi 2.5 kwa kishikio chake. Angalizo moja kwa Dell na HP za kiofisi, pawa saplai zao nyingi plagi siyo zile za kawaida za madukani, ni za kwao wenyewe, kwahiyo ukipata mashine mbili za aina moja kwa bei ya kutupa chukua zote, ya pili inakuwa ghala la spea.

Pentium 4 achana nayo. Siyo kwamba haiwezi, ila umeme inaokula ni mwingi bure.

Umeme

Hili watu wanalipita haraka na ndilo linalofanya mtu azime seva (ndiyo hiyo mashine ya stoo) mwezi wa pili. Mashine ya kizazi cha nne ikiwa imetulia na diski zinazunguka inakula kati ya wati 25 na 40. Tuchukue 40. Mara saa 24, mara siku 30, ni karibu uniti 29 kwa mwezi. Aliye T1 (bei ya kawaida ya TANESCO) uniti moja ukishaweka VAT na tozo za REA na EWURA inakuja kama shilingi 356, maana yake elfu kumi na kidogo kwa mwezi. Aliye D1 (bei ya watumiaji wadogo) asikilize vizuri: wewe una uniti 75 za bei ya chini kwa mwezi, hizo 29 zinaingia humo humo, kwahiyo kama nyumba yako tayari inagonga 60 ukiwasha seva saa 24 unavuka, na zile za ziada zinapigwa bei ya juu. Kwa mtu wa hivyo ni bora kuiwekea ratiba, iwake saa kumi na mbili jioni izime saa sita usiku, OMV ina sehemu ya kupanga kuzima na bayosi (BIOS, setingi za ndani za mashine) za mashine hizi nyingi zinaweza kupangiwa saa ya kujiwasha.

Kabla hujaweka chochote

Ifungulie nje. Brashi mpya ya rangi ya inchi moja inatosha, ila feni ishike kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Toa kile chuma kilicho juu ya prosesa, utakuta pesti imekauka imekuwa kama chokaa, futa kwa spiriti mpaka paonekane pang'avu, weka mpya kidogo tu katikati, rudisha. Betri ya bayosi ni CR2032, ile ya duara, badilisha bila kujiuliza maana kwenye mashine ya miaka kumi imeshachoka na ikichoka kila umeme ukikatika mashine inasahau saa na setingi zote.

Halafu ingia bayosi ukatafute jambo moja muhimu kuliko yote kwa nchi yetu. Kwenye Dell linaitwa AC Recovery, kwenye HP linaitwa After Power Loss. Weka Power On. Hapo umeme ukirudi mashine inajiwasha yenyewe hata kama upo safarini.

Ngoja nipumzike kidogo, ya kuinstoli nashusha hapo chini.

#2

Nimeweka kambi hapa mkuu. Nina OptiPlex mbili za ofisini zinaliwa na mende.

#3

Swali kabla hujaendelea. Mimi Kariakoo nimeuziwa diski ya 4TB ya kamera, muuzaji anasema ni safi kabisa haina tatizo. Nitajuaje?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3 usimbishie muuzaji, iulize diski yenyewe, haidanganyi kirahisi. Ichomeke kwenye Linux yoyote hata ile ya kubuti na fleshi, andika amri hii inayosoma afya ya diski (sdb ni jina la diski yenyewe):

smartctl -a /dev/sdb

Itamwaga meza ndefu. Wewe tazama namba za mistari kushoto. Mstari wa 5, wa 197 na wa 198, kule mwisho kulia inatakiwa iwe sifuri zote tatu. Wa 5 ni sehemu zilizokufa zikahamishwa, 197 ni zile zinazosubiri hukumu, 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Ukiona 197 ina namba na kesho imeongezeka, hiyo diski inakuaga. Mstari wa 199 ukiwa na namba usiogope sana, mara nyingi ni waya wa SATA umelegea, badilisha waya uangalie kama inaacha kupanda.

Halafu mstari wa 9, saa ilizowashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski ya DVR haizimwi, kwahiyo ukikuta 40,000 ujue imefanya kazi miaka minne na nusu bila kulala. Na hata hizo saa zinafutwa siku hizi, mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani ilifichuka diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa na wauzaji kama mpya, saa zimerudishwa sifuri. Kilichowaumbua ni kumbukumbu nyingine ya ndani inaitwa FARM ambayo hawakuigusa. Kama diski yako ni Seagate jaribu smartctl -l farm /dev/sdb, inataka smartctl toleo la 7.4 kwenda juu, linganisha saa za huko na za mstari wa 9. Zikipishana sana irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Ukimaliza hapo piga jaribio refu, smartctl -t long, 4TB itachukua saa kadhaa, iache usiku. Ikipita yote itumie kama nakala ya tatu, siyo ya kwanza.

Na wale mnaoletewa fleshi au ekstenali za "2TB" kwa bei ya chipsi kuku, zile ndani ni ndogo zimedanganywa zijitangaze kubwa, unajaza unadhani zimeingia kumbe zinaandikiana juu. Windows ipo H2testw, Linux ipo f3, zinaandika mpaka mwisho halafu zinasoma tena. Jaribu kabla hujaweka hata picha moja.

#5

Dah asante, narudi dukani kesho asubuhi na laptopu mkononi.

#6 Mleta uzi

Tuendelee, kuinstoli.

Pakua faili la ISO la OpenMediaVault, lichome kwenye fleshi kwa Rufus au balenaEtcher. OMV inataka diski yake yenyewe ya mfumo, haikai pamoja na mafaili yako, hapo tumia kale ka-SSD ka 120GB ulikotoa kwenye laptopu, kanatosha na kubaki. Na hili nasisitiza: wakati wa kuinstoli chomoa waya za diski za mafaili, iachwe SSD peke yake, ili usije ukachagua diski siyo ukafuta kila kitu. Ukishamaliza ndiyo unazirudisha.

Kioo na kibodi unavihitaji hapo tu. Baada ya kubuti itakuonyesha anwani kwenye kioo, mfano 192.168.1.50, unaenda kwenye kompyuta nyingine au hata simu, unaiandika kwenye brauza, jina ni admin paswedi ni openmediavault. Kitu cha kwanza badilisha hiyo paswedi, dunia nzima inaijua. Cha pili ingia kwenye ruta uiambie mashine hii iwe inapewa anwani ileile siku zote, la sivyo siku ruta ikizima na kuwaka namba inabadilika na nyumba nzima inakupigia simu.

Kisha unaenda sehemu ya Storage, unafuta diski, unatengeneza mfumo wa faili EXT4, unaunda folda za kushirikiana, unaunda watumiaji, unawasha SMB (ndiyo njia ambayo kompyuta na simu zinafungua folda hizo kwenye mtandao). Kila ukibadilisha kitu juu kabisa inatokea bango la njano lenye alama ya vema, usipoibofya hakuna kilichofanyika. Wengi wanaokuja kusema "haifanyi kazi" wameliruka hilo bango.

Kuhusu watumiaji, usimpe kila mtu kila kitu. Mimi mpangilio wangu ni folda ya KAZI naandika mimi tu, folda ya FAMILIA wote wanaandika, folda ya MUVI watoto wanasoma tu hawafuti. Na ukikuta sehemu ya kuruhusu SMB ya zamani, ile SMB1, usiwashe hata kama TV yako ya zamani inalia, kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kupitia hapo hapo.

Kwenye Windows unaandika \\192.168.1.50 kwenye ile sehemu ya anwani ya mafaili. Android programu nyingi za mafaili zina sehemu ya kuongeza mtandao. iPhone unaingia Files, ile alama ya nukta tatu, unaunganisha kwenye seva, smb://192.168.1.50, tayari.

#7

Mkuu mimi nimeshafanya haya yote mwezi uliopita na inapiga kazi ila ni SLOW balaa. Kukopi mradi mmoja wa video ni saa nzima. Mashine ni i5, RAM 8, diski mpya. Shida nini?

#8 Mleta uzi

Inakopi kwa MB ngapi kwa sekunde? Kama ni 11 kwenda 12 usiguse mashine, tatizo ni njia.

Ruta nyingi tunazopewa na kampuni za intaneti matundu yake ni ya megabiti 100, gawa kwa nane, 12.5, ukitoa gharama za njiani unabaki na 11 na kitu. GB 45 kwa mwendo huo ni saa moja na dakika kadhaa. Gigabiti inakupa kama MB 110, mzigo uleule unaisha ndani ya dakika saba. Dawa siyo kubadilisha ruta, nunua swichi ndogo ya gigabiti ya matundu matano, chomeka seva humo, chomeka kompyuta unayofanyia kazi humo, halafu waya mmoja kutoka swichi uende kwenye ruta. Mafaili yatapita kwenye swichi, ruta itabaki na kazi ya intaneti.

Ukishaweka swichi bado ikakwama kwenye 11 angalia waya. Gigabiti inatumia nyaya zote nane ndani ya ule waya, megabiti 100 inatumia nne tu. Kwahiyo fundi akibana kichwa vibaya uzi mmoja ukawa haugusi, mtandao unafanya kazi kama kawaida, taa inawaka, intaneti ipo, ila mwendo umeshuka kimyakimya. Tazama kile kichwa cha plastiki kwa tochi ya simu, nyuzi zote nane zifike mpaka mwisho kwenye meno ya shaba. Cat5e inatosha mpaka mita 100, usidanganywe na mtu anayekuuzia waya wa gharama.

Na waifai isikuhangaishe, kwa simu na muvi ni sawa, kwa kazi ya video tumia waya.

#9

Ilikuwa 11.3 kweli!!! Ngoja nitafute swichi.

#10

Salamu kutoka Nairobi ndugu zetu. Hapa Luthuli Avenue hizi EliteDesk ni nyingi sana na zinauzwa vizuri. Niongezee kuhusu stima, huku kwetu ngazi ya chini kabisa ya bei inaishia uniti 30 kwa mwezi, kwa hivyo seva ya wati 40 pekee inakaribia kumaliza hiyo ngazi yote kabla hujawasha hata taa. Mimi nilichofanya nimetumia laptop mzee, inakula chini ya wati 15, na betri yake inashikilia stima ikipotea. Mnaonaje?

#11 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi hiyo ni njia nzuri sana na kwa watu wa D1 huku kwetu pengine ndiyo njia yao. Mambo ya kuzingatia ni mawili tu. Kwanza betri: iguse tumbo la laptopu kila baada ya muda, kama kipedi cha panya kimeanza kuinuka au kava halifungi sawasawa betri imevimba, itoe mara moja, usiiache inachajiwa saa 24 ndani ya nyumba watu wamelala. Pili diski zitakaa nje kwa USB, tumia tundu la USB 3 (mara nyingi rangi ya bluu), na kama ni diski ya inchi 3.5 iwe na adapta yake ya umeme, usitegemee umeme wa tundu. Ile ya USB 2 kwa hali halisi inakupa MB 30 hadi 40, kwa familia inatosha kwa mtu wa video haitoshi.

Ukifunga kifuniko ikilala, fungua faili /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, iwashe upya.

#12

Mimi mama wa watoto watatu, sina habari na harusi wala 4K 😂 nataka tu picha za kwenye simu ziende zenyewe zikifika nyumbani, bila mimi kukumbuka. Inawezekana?

#13 Mleta uzi

Dada inawezekana kabisa na wewe ndiye hasa niliyekuwa namfikiria wakati naandika.

Njia nzuri kwa sasa ni Immich, programu ya bure ya kutunza picha. Unaiweka juu ya OMV kwa Docker (chombo cha kuendeshea programu za ziada), simu inapakua programu yake, ukiingia nyumbani ikishika waifai inapandisha picha na video mpya kwenye seva yako. Inapanga kwa tarehe, inatambua sura, unaandika "cake" kwa Kiingereza inakuletea picha za keki. Mashine iwe na RAM 8GB, kwa 4GB utaiona inasota, na ile siku ya kwanza inapotambua sura za picha za miaka yote prosesa itachemka muda mrefu, iache imalize. Kama mashine yako ni ya 4GB tumia Syncthing, yenyewe haina mapambo, inachukua folda ya kamera kwenye simu na kuifananisha na folda ya kwenye seva. Ila elewa neno kufananisha, ukifuta kwenye simu inafuta na huku, kwahiyo upande wa simu chagua iwe inatuma tu na upande wa seva iwe inatunza matoleo ya zamani.

Na ukishaona picha zimefika usikimbilie kufuta kwenye simu. Subiri mpaka ziwe sehemu mbili, nalieleza sasa hivi.

#14

Kuna mtu atauliza kwahiyo niulize mimi. RAID je? Nina diski mbili za 4TB, niweke RAID 1 nilale?

#15 Mleta uzi

Hapa ndipo penyewe, naomba mnivumilie nitaandika kidogo.

RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Hiyo ni faida kwa ofisi ambayo haiwezi kusimama hata saa moja. Sasa jiulize nyumbani mafaili yanapoteaje. Mtoto kafuta folda. Kirusi kimeingia kwenye laptopu ya Windows kikafunga mafaili yote kwa ufunguo wake. Mwizi kabeba boksi zima. Umeme umerudi na volti za ajabu ukaunguza pawa saplai na kila kilichochomekwa. Katika yote manne RAID haikusaidii, mtoto akifuta imefutwa kote kwa sekunde ileile.

Kwahiyo mwenye diski mbili mimi namwambia asiziunganishe. Ya kwanza iwe ya kazi, ya pili iwe ya nakala, na kila usiku saa nane (uliyeiwekea ratiba ya kuzima panga saa ambayo inawaka) OMV ipeleke vilivyobadilika kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Rsync ya kawaida inafanya hiyo kazi, ila ile sehemu ya kufuta kule kilichofutwa huku iache bila tiki. Bora zaidi ni Borg, ina programu-jalizi yake kwenye OMV, inatunza picha ya hali ya kila siku bila kurudia kuhifadhi kilekile, unaweza kurudi ukachukua faili lilivyokuwa Jumanne iliyopita. Hii ndiyo inakuokoa na kirusi, maana rsync usiku ingebeba mafaili yaliyofungwa ikayaweka juu ya mazima.

Halafu diski ya tatu. Ekstenali, inachomekwa mara moja kwa mwezi, inanakiliwa, inachomolewa, inakaa nyumba nyingine. Kwa dada, kwa bi mkubwa, ofisini kwenye droo yenye kufuli. Diski ambayo haijachomekwa popote haiungui kwa umeme na haishikwi na kirusi. Wenye fani wana kanuni yao ya nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja mbali na nyumbani, na huo mpangilio niliousema unaitimiza bila gharama kubwa.

Kama hela inatosha diski moja tu mwezi huu, nunua hiyo, na ile ya zamani uliyoipima ikapita iwe ya nakala. Ila usianze na diski moja ukasema nyingine nitanunua baadaye huku unafuta picha kwenye simu.

Na kila baada ya muda chukua folda moja kutoka kwenye nakala, irudishe kwenye kompyuta, ifungue, tazama picha zinafunguka kweli. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa huijui kama ipo.

#16

Naunga mkono #15. Kwenye ofisi moja niliyowahi kufanya IT seva ilikuwa na RAID 5 ya heshima, mhasibu akafuta folda ya mwaka mzima, hakuna aliyeweza kuirudisha. Tulikaa wiki mbili tunaingiza risiti kwa mkono.

Niongezee UPS, lile boksi la betri ya akiba. Ya 650VA inatosha kwa boksi kama hili, siyo kwa ajili ya kufanya kazi umeme ukikatika, ni kwa ajili ya kuzima kistaarabu. Iwe na tundu la USB la data nyuma, unachomeka kwenye seva, unaweka programu-jalizi ya NUT kwenye OMV, umeme ukikata dakika kadhaa inajizima yenyewe kabla betri haijaisha. Ruta nayo ichomeke humo humo.

#17

Nataka nikiwa safarini Dodoma nifungue mafaili yaliyopo nyumbani Dar. Nimeambiwa nifungue poti 445 kwenye ruta. Nifanyeje?

#18 Mleta uzi

Usifungue 445 hata kwa dakika tano mkuu. Ndiyo poti ya SMB, kuna mashine mitandaoni kazi yake usiku na mchana ni kuzungukia anwani zote duniani zikiigonga.

Na hata ungefungua, kama intaneti yako ni ya ruta ya laini ya simu isingefika, maana mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Weka Tailscale. Imejengwa juu ya WireGuard, kwa matumizi binafsi ni bure, unaiweka kwenye seva na kwenye simu na laptopu, unaingia kwa akaunti ileile, basi vifaa vyako vinaonana popote vilipo kwa njia iliyofungwa. Dodoma unafungua \\ na ile anwani inayoanza na 100, unakuta folda zako. Mwendo utakuwa ule wa kupandisha wa intaneti ya nyumbani, nyaraka na picha safi, video kubwa uwe na subira.

#19

Na muvi kwenye TV? i5 ya kizazi cha nne itaweza?

#20 Mleta uzi

Weka Jellyfin, ya bure. Kama TV yako inasoma lile faili lilivyo, hata mashine dhaifu itaweza, kazi yake ni kupitisha tu. Shida inaanza pale TV haielewi mfumo wa video na seva inalazimika kuibadilisha papo kwa papo. Kizazi cha nne kina msaada wa vifaa kwa H.264 (mfumo wa video wa zamani kidogo) ila hakina wa HEVC (mfumo mpya zaidi). HEVC ya kawaida inaanza kizazi cha sita, ile ya biti 10 kizazi cha saba. Kwahiyo kwa mashine yako tafuta muvi za H.264 au cheza kupitia kijisanduku cha Android kinachosoma HEVC chenyewe.

#21

Swali la mwisho kwangu, wezi. Huku kwetu wanabeba mpaka ndoo. Nifunge diski kwa paswedi ili hata akibeba asione picha za familia?

#22 Mleta uzi

Inawezekana, inaitwa LUKS, OMV ina programu-jalizi yake. Ila fikiria umeme wetu: kila mashine ikizima na kuwaka diski inabaki imefungwa mpaka wewe uingie uandike paswedi, kwahiyo ule uzuri wa AC Recovery kujiwasha yenyewe unapotea, na ukiwa safarini nyumba nzima haina mafaili mpaka uingie kwa Tailscale uifungue. Mtu akiisahau hiyo paswedi hakuna fundi wa kuirudisha.

Mimi nimefunga ile diski ya tatu tu, inayokaa nyumba nyingine, kwa sababu ndiyo inayotembea kwenye begi na inayokaa mbali na macho yangu. Paswedi yake imeandikwa kwenye karatasi, ipo kwenye bahasha pamoja na vyeti vya ndoa, na mke wangu anajua ilipo. Kwa boksi lenyewe nimelifunga kwa mnyororo wa chuma kwenye ile pete ya nyuma, OptiPlex na HP nyingi za mnara zinayo, kufuli la kawaida linapita, na likishafungwa hata kifuniko cha pembeni hakifunguki.

Mwenye mashine tayari aweke hapa modeli na idadi ya diski, nitamjibu mpangilio kulingana na alichonacho.